Naomba ushauri: zoezi la nyama za nyuma ya paja, nyonga inyooke au ikunjwe?

Wakuu habari, na shikamooni wakubwa. Nafundisha vijana mpira hapa Uyole, Mbeya. Msimu huu watatu wamechanika nyama za nyuma ya paja, wote wakiwa kwenye mbio kali. Inaniuma sana, na baridi yetu ya Juni ndiyo hii inaingia.

Nimeanza kuwapa zoezi la Nodiki: kijana anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, anashuka mbele taratibu huku akijizuia. Misuli hii karibu yote inapita nyonga na goti, kwa hiyo ukikunja nyonga inavutika zaidi. Ndivyo inavyokuwa mkimbiaji anaporusha mguu mbele kabla ya kukanyaga, na hapo ndipo wengi huchanika. Lakini vijana wakikunja nyonga, kiwiliwili kinasogea karibu na goti, mzigo unapungua. Naona kama wanakwepa kazi.

Je, niwakazanie wanyooke, au nichanganye na zoezi la kuinama na uzito, goti likiwa limelegea kidogo? Na vidole vya miguu vivutwe juu au vilale? Nauliza hivyo kwa kuwa msuli wa kigimbi nao unasaidia kukunja goti.

Waliosomea fiziotherapia, nisaidieni. Jumamosi tuna mechi.