Dabi ya Soweto: tulale wapi Joburg, uwanjani tufikeje?

Mtani wa Keko: Wakuu, tuko wanne, tunaenda kuona Kaizer Chiefs na Orlando Pirates pale uwanja wa FNB. Sifa za Joburg (Johannesburg, Afrika Kusini) zinatisha. Tujipangeje?

Kibegi: Laleni Rosebank au Sandton. Hillbrow na katikati ya jiji achaneni nako, hata bei iwe ya kutupa. Kutoka kiwanja cha ndege cha OR Tambo pandeni treni ya Gautrain. Kadi ya benki ya kugusa inafungua geti, ila kila mtu awe na yake. Treni hiyo haifiki Nasrec, uwanja ulipo. Kwenda ni rahisi, balaa ni kurudi: uwanja unachukua watu zaidi ya 90,000, wote wanatoka kwa mkupuo, mtandao unalemewa na teksi za kuita kwa programu ya simu zinapanda bei. Kodini gari na dereva wa kusubiri, mkubaliane mapema mahali pa kukutana.

Babu Robot: Tiketi nunueni mtandaoni mapema, na mfike saa mbili kabla ya mechi. Mwaka 2017 watu wawili walikufa kwenye msukumano wa dabi hapohapo. Kwenye "robot" (ndivyo waitavyo taa za barabarani) vioo juu, simu chini.

Mtani wa Keko: Chaja zetu je?

Kibegi: Haziingii. Soketi zao nyingi ni matundu matatu manene ya duara. Adapta nunueni hukohuko supamaketi.