Mikanda ya uwindaji ndani ya sanduku la babu: nisaidieni kuisoma

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote. Naomba msaada wa wanaojua filamu za zamani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapagazi wa mzungu mmoja, Mbelgiji, aliyekuwa akiwinda bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, kabla baba yangu hajazaliwa. Mwaka 1960 mzungu huyo aliondoka mbiombio, akamwachia babu ufunguo wa nyumba na vitu alivyoshindwa kubeba. Mwezi uliopita tulikuwa tunamhamisha shangazi kutoka Bagira. Chini kabisa ya sanduku la bati, ndani ya blanketi, tukakuta mikanda mitatu ya filamu. Tulipoifunua, harufu ya siki ilitupanda mpaka machoni.

Miwili ina matobo pembeni, pande zote mbili. Wa tatu ni mwembamba zaidi, umo ndani ya kikopo cheusi, na matobo yake yako katikati, kati ya picha na picha. Niliisimamisha dirishani, nikaazima lenzi ya fundi saa jirani yetu.

Mkanda wa kwanza: wanaume saba au wanane wanashuka kwenye nyasi zinazowafika kifuani, mmoja na sanduku kichwani lenye herufi COSTERM, zilizobaki zimefunikwa na kamba. Halafu mwanaume mmoja anachuchumaa mbele ya mavi ya nyati, anayagusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Shangazi amezaliwa 1942, macho yake yamechoka, nikamshikilia lenzi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Huyu ni baba. Uji wetu alikuwa anaupima moto hivi hivi."

Mkanda wa pili: mzungu amekanyaga nyati aliyekufa, na kidevu cha nyati kimeegemezwa kijiti ili kichwa kisilale. Kisha kiboko anavutwa kwa kamba kutoka majini, watu wanakata nyama.

Wa tatu ni simba tu. Anakuja mbio, moja kwa moja, mpaka anajaza picha.

Hapo ndipo penye ugomvi. Babu alituapia mpaka anakufa kwamba katika safari zile hawakuua simba hata mmoja. Baba mdogo anasema mzee alisahau, na mkanda wa simba ndio wenye bei. Kuna mtu ameshamtajia pesa. Pia kuna fundi mmoja wa picha hapa mjini nilimpelekea mkanda wa pili, akauingiza kwenye mashine bila hata kuukagua, ukachanika urefu wa mkono mzima. Nililia. Na jirani anatuambia filamu za kale huwaka zenyewe usiku na kuteketeza nyumba. Ni kweli?

Operata wa Kamalondo (Lubumbashi)

Pole sana, mwanangu, hasa kwa huo mkanda uliochanika. Nimeendesha mashine za sinema hapa Lubumbashi miaka 23, acha nianze na moto ili mama zako walale. Filamu zilizokuwa zinawaka ni za nitrati, za milimita 35, za majumba ya sinema, na ziliendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yako yenye matobo pembeni ni ya milimita 16. Kampuni ya Kodak waliitoa 1923 kwa ajili ya watu wa nyumbani, na kwa sababu hiyo hiyo waliitengeneza kwa asetati, ambayo haishiki moto namna ile.

Harufu ya siki ndiyo ugonjwa wa asetati. Inaoza, inatoa asidi, asidi inazidi kuiozesha, na mkanda mgonjwa unaambukiza ulio karibu nao. Kwa hiyo itenganishe leo hii. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache ipumue mahali pakavu penye ubaridi. Mkanda wa namna hiyo husinyaa, matobo yanakosa kulingana na meno ya mashine, ndiyo maana ulichanika. Asiutie mtu mwingine tena kwenye projekta, hata akikuonyesha diploma. Chukua simu moja, iwashe ukurasa mweupe mtupu, weka kioo kisafi juu yake, laza mkanda, piga kwa simu ya pili picha moja baada ya nyingine. Mkanda wa mita 30 una picha karibu 4,000. Utachoka mgongo, lakini hutapoteza kitu.

Sasa simba. Matobo katikati ni mkanda wa Pathé, kampuni ya Ufaransa, milimita 9.5, ulioanza 1922. Kamera zake ziliuzwa, ndiyo, lakini Pathé waliuza pia vipande vilivyokwisha kutengenezwa, kwenye vikopo vyeusi kama chako. Mzungu aliviagiza kama alivyoagiza santuri. Angalia ukingo wa mkanda karibu na maandishi, kama yapo. Ukiona pamemegwa kidogo, kama panya amepauma mara moja, hicho ni kipengo cha kuiambia mashine isimame hapo ili watu wasome bila kupoteza mkanda mwingi. Ukikikuta, babu yako hakusahau chochote. Simba huyo alitoka dukani.

Na kwenye ile ya milimita 16, tazama ukingoni pia. Kodak waliweka alama ndogo, duara, mraba au pembetatu, kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Niambie unaona nini.

Mtu wa Himbi (Goma)

Mzee amesema vizuri. Simba wa uongo ni wa zamani kama filamu zenyewe. Mwaka 1909, Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, akiwa bado anawinda Afrika Mashariki, William Selig alitengeneza filamu ya uwindaji huo akiwa Chicago: mchezaji amevaa kama Roosevelt, na simba wa kununua akapigwa risasi humo humo studioni. Watu wakaamini. Mwaka 1930 ikatoka nyingine, Ingagi, wakatangaza kwamba imepigwa Kongo. Gorila wake alikuwa mtu aliyevaa manyoya, Charles Gemora. Sisi huku tunaomjua ingagi kwa jina hilo la Kinyarwanda, na tunaoishi chini ya milima yake, inatuuma kuona jina lake limefanyiwa biashara ya namna ile.

Carl Akeley ni habari tofauti. Mmarekani huyo alipanda mlima Mikeno 1921 na kamera aliyoibuni mwenyewe, akawapiga gorila wakiwa hai porini, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Aliwaua pia, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Baadaye akapigania walindwe, na 1925 ikaundwa hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Alirudi, akafa mlimani Novemba 1926, akazikwa Kabara. Lakini kamera ile haikupanda matope na majani yanayowasha kwa miguu yake yenyewe, na waliobeba mizigo ya safari zile wanaonekana migongo tu.

Ndugu, shangazi yako ameutambua mkono wa baba yake. Muulize na wale wengine saba. Mrekodi sauti.

Mama Nyawera (Bukavu)

Nimesoma yote na moyo wangu hauko pamoja nanyi. Babu zetu walibebeshwa masanduku, nyama ikawa posho yao, pembe zikaenda Ulaya. Mnazungumzia mkanda, mimi naona mabega. Na tusisahau Batwa wa Kahuzi: msitu ulikuwa wao, wakafukuzwa miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi, na anayerudi kutega swala anaitwa jangili. Mzungu wa kwenye mkanda wako aliitwa nani? Bwana. Mkiionyesha watoto, waambieni na hili, la sivyo ni heri mwichome.

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)

Mama, shikamoo. Sikukatai. Babu alikuwa na kovu kwenye bega la kulia, gumu kama ngozi ya kisigino, tukiwa wadogo tulikuwa tunaligusa. Sitaichoma, ila hili bega litasimuliwa pamoja nayo, nakuahidi.

Mzee wa Kamalondo, vipengo vipo! Viwili, pembeni mwa maandishi ya Kifaransa ambayo sikuwa nimeyaona kwa sababu ya ukungu. Nilimwonyesha baba mdogo, akavishika kwa ukucha, hakusema neno. Na kwenye milimita 16 kuna pembetatu moja.

Operata wa Kamalondo (Lubumbashi)

Alama hizo zilikuwa zinarudi kila baada ya miaka 20. Pembetatu moja ni 1918, 1938 au 1958. Mwaka 1918 milimita 16 haikuwepo. Sanduku lako la COSTERM ni Costermansville, jina la Bukavu lililofutwa miaka ya 1950, na wewe umesema safari zilikuwa kabla baba yako hajazaliwa. Basi mkanda ulitoka kiwandani 1938, ukapigwa mwaka ule au muda mfupi baadaye.

Lakini kuna jambo limenikosesha usingizi. Mzungu akiwa amekanyaga nyati, yuko mbele ya kamera. Nyuma yake yuko nani? Kamera hizo zilikuwa za kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, ukikaza zinakwenda karibu nusu dakika, na zinavuma muda wote. Kwa kawaida kidole cha mtu ndicho hukaa kwenye kitufe. Tazama kama babu yako anaonekana katika picha hizo. Tazama na chini, kama jua lilikuwa limeshuka. Mara nyingi mpiga picha huacha kivuli.

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)

Nimekaa siku nne kabla ya kuandika.

Nimepiga picha 611 mpaka sasa, zote za mkanda wa pili. Babu hayumo. Wapagazi wengine wapo, wamesimama nyuma ya nyati, mmoja anafukuza nzi. Kivuli kipo: kinaanzia chini ya picha, kirefu, kinafika karibu na kwato. Hakina kofia ngumu ya mzungu. Kichwa ni cha mviringo, kitupu, viwiko vimetoka nje pande zote mbili kama mtu aliyeshika kitu mbele ya uso, na nyuma ya bega moja unatokeza mstari mwembamba ulionyooka. Nadhani ni bunduki ya mzungu, kapita ndiye aliyeibeba.

Nilipomsomea shangazi ulichoandika kuhusu kamera kuvuma, alishika mkono wangu. Anasema babu alikuwa anawaambia: "Nilishika nyuki wa bwana mikononi, wakalia, hawakuniuma." Watoto wote walidhani alifuga nyuki. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda Luvungi kuulizia mizinga ilikuwa wapi.

Baba mdogo amemwambia yule mtu hatuuzi. Majina ya wapagazi tumepata matano, shangazi aliwajua wakiwa wazee. Wa sita anamkumbuka kwa jina la mke wake tu, tumeliandika hivyo hivyo. Kesho naanza mkanda wa kwanza. Kama kuna mtu Bukavu mwenye meza ya mwanga, hata ya daktari ya kutazamia picha za mifupa, naomba aniazime siku chache, simu yangu inapata moto.