Vitabu vya michoro hapa Kisumu: tunauziwa fotokopi kwa bei ya orijino!

Wadau, hii tabia imezidi. Vitabu vya michoro vinavyoambatana na mfululizo wa riwaya, vile vya kuonyesha mhusika alivyoanza kwa penseli mpaka akapata rangi, vinauzwa hapa mjini kwa elfu nne na zaidi, vimefungwa nailoni ili usichungulie. Ndani ni picha zilizopakuliwa kwenye intaneti. Wizi mtupu, ila una jalada gumu!

Pigeni hesabu. Picha ya kuchapishwa inataka doti 300 kwa inchi. Ukurasa mmoja wa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Hawa wanachukua picha yenye upana wa pikseli 1200, wanaitandaza kwenye kurasa mbili zinazotazamana, yaani inchi 16.5. Haifiki hata doti 73. Mawingu na milima jicho litasamehe. Kinachokufa ni yale maandishi ya penseli ya mchoraji pembeni, "mwanga utoke kushoto", "mkanda uwe mpana", ambayo ndiyo hasa mtu anayalipia. Yanabaki nyayo za sisimizi.

Wengine wanaskani nakala halisi, na hapo ndipo pabaya zaidi. Ukurasa uliochapwa tayari una vidoti vya wino wa rangi nne. Ukivichapa tena kwa vidoti vingine vinagongana, anga inatoka na mawimbi kama neti ya mbu iliyopishana tabaka mbili.

Halafu gundi. Karatasi ya kung'aa ya gramu 150 kwa mita mraba haishiki gundi ya moto vizuri kwa sababu uso wake umepakwa. Dawa yake ni kushona kwa uzi, shada moja moja la kurasa 16 zilizokunjwa pamoja. Hawa wanakata mgongo, wanapaka gundi, basi. Kitabu hakilali wazi, katikati panamezwa milimita kadhaa kila upande, na farasi aliyechorwa hapo anabaki kichwa na mkia. Ukikilazimisha, mgongo unapasuka. Na nyuzinyuzi za ndani ya karatasi zikikingama na mgongo badala ya kwenda nao sambamba, unyevu wa ziwa utazikunjakunja kurasa.

Kabla hujatoa pesa, nailoni itoke. Muuzaji akigoma, ondoka. Tazama mgongo kutoka juu: kilichoshonwa kinaonyesha mashada yamepangana, feki ni tofali moja. Zipo orijino za jalada laini zilizogundiwa, kwa hiyo usiishie hapo. Fungua ukurasa wa hakimiliki, piga picha ya herufi ndogo kabisa kwa simu, uivute. Za orijino ni nyeusi tii, kingo kali. Za skani zina ukungu na vidoti vya rangi pembeni.

NYONGEZA: Aliyeuliza kwenye maoni kama ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inaweza kufichua feki: haikusaidii peke yake. Wananakili jalada zima pamoja na namba yake, ukiitafuta inakuletea kitabu halisi.

Na wewe muuzaji unayejitetea kwenye maoni hapo chini kwamba bei iko juu kwa sababu ya gharama za mizigo na VAT (kodi ya ongezeko la thamani): ndiyo, vitabu vinatozwa VAT tangu sheria ya 2013. Sasa hicho chako, kilichochapwa mtaa wa pili, kimelipiwa mzigo kutoka bandari gani?