Tupeane uzoefu: kobla ya mapeasi, wewe huiokaje?

Mama wa Section 58, Nakuru
Hamjambo wadau. Mtoto wa dada yangu anaishi Seattle, na kila ikifika Septemba simu yangu hujaa picha za mapeasi. Jimbo lao la Washington na jirani yake Oregon ndiyo yanayolisha Marekani mapeasi. Mavuno huanza Agosti hadi Oktoba, na majani yakianza kupukutika watu wanaoka kobla: matunda chini, madonge ya unga juu, inaliwa ingali moto. Kwetu majani hayapukutiki hivyo, ila jioni ya Julai hapa Nakuru inataka kitu kama hicho kabisa.

Nimeioka kwa maelekezo yake na imekubali, lakini peasi letu si peasi lao. Yeye hutumia Bosc, lile la ganda la kahawia lisilopondeka likipikwa. Mimi natumia lile gumu la kijani linaloteremka kutoka Molo, ambalo ukilirusha vibaya utalipa kioo cha jirani.

Kipimo changu, watu sita: mapeasi kilo moja, sukari vijiko vinne vya mezani, maji ya nusu limau, mdalasini, kijiko kimoja cha kornflawa ili mchuzi ushikane. Donge ni unga wa ngano kikombe na nusu, baking powder vijiko viwili vya chai, sukari kidogo, chumvi, siagi gramu 90, mala (maziwa ya mgando) nusu kikombe na tone. Siagi iwe baridi, uisugue kwenye unga kwa ncha za vidole, mala iingie mwisho, na usikande. Hii si chapati. Oveni nyuzi 190, dakika 35 hadi 40.

Haya, leteni yenu. Hasa wa jiko la makaa na wa kwenye joto.

Shosho wa Molo
Wanangu, kobla huanzia mtini. Peasi halipendi kuivia juu. Ukilingoja huko, linaanza kuharibika katikati huku ganda likikudanganya, na zile chengachenga za karibu na mbegu zinazidi. Lichume limekomaa lakini bado gumu. Lishike, liinue mpaka lilale ubavu. Kikonyo kikiachia chenyewe, limefika. Kisha katoni, gazeti, na ndizi mbivu moja au mbili katikati, maana ndizi hutoa hewa inayoivisha wenzake. Kulipima, bonyeza shingoni, pale karibu na kikonyo. Ukingoja tumbo lilegee umechelewa. Shingo ikilegea kidogo, pika.

Sasa kuna mipeasi ya zamani huku ambayo matunda yake hayalainiki hata uyaweke mpaka Krismasi. Mimi sibishani nayo. Namenya, nakata vipande vinene, natia sufuriani na maji kidogo, sukari na tangawizi ya kuponda, nachemsha mpaka uma uingie bila kugoma. Kwa kobla hayo ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu hayageuki uji. Yale maji yaliyobaki msimwage, ndiyo mchuzi wenyewe.

Na wewe Mama wa Section 58, baking powder vijiko viwili ni vingi kwa huku juu. Donge linaumuka kwa fujo halafu linakaa chini limechoka.

Mwalimu wa Njoro
Shosho amesema kweli na sababu ipo. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hivyo gesi ya baking powder inatanuka kupita kiasi na kupasua donge kabla unga haujashikana. Maji nayo huchemkia kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, ndiyo maana matunda magumu, na maharagwe pia, yanakula makaa huko. Kwa Molo tumia kijiko kimoja na robo, na uongeze mala kidogo kwa kuwa hewa hiyo inakausha. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kipimo cha Mama kinafaa kilivyo.

Nyongeza ya ukaidi: nusu ya vitu vinavyoitwa kobla mitandaoni ni unga, siagi na sukari vilivyosuguliwa vikawa makombo, vikanyunyizwa juu ya matunda. Kitamu, sikatai. Ila kobla ina donge.

Baba wa Migosi, Kisumu
Mwalimu, wewe unapima urefu wa mlima, mimi napima joto. Hiyo siagi baridi ya kusugua kwa vidole nani anayo huku saa nane mchana? Ukiitoa tu kwenye friji inaanza kuogelea.

Mimi niliachana na donge. Natia siagi kwenye bakuli la kuokea, naliingiza kwenye oveni iyeyuke yote. Nakoroga unga, sukari, baking powder na maziwa hadi iwe uji mzito wa kumiminika. Naumimina juu ya siagi bila kuchanganya, kisha napanga mapeasi yenye moto na mchuzi wake kidogo juu. Usiguse tena. Unga unapanda wenyewe katikati ya matunda, na pembeni, pale siagi ilipokusanyika, unakauka na kuvunjika mdomoni. Watoto wangu wanapigania pembe. Huko kusini mwa Marekani wengi huioka hivi hivi, kwa hivyo Mwalimu asiniambie si kobla.

Mapeasi nanunua soko la Kibuye, yanaletwa kutoka nyanda za juu. Ile katoni na ndizi ya Shosho huku haihitajiki, joto letu linamaliza kazi upesi mno. Nikiona shingo imelegea na siku hiyo sina nafasi ya kuoka, yanaingia friji.

Mama yangu alikuja kutoka Siaya tukampakulia. Akala kijiko kimoja, akaniuliza kwa upole, "Mkate umemwagikiwa na nini?" Halafu akaomba chai ya maziwa na kipande kingine. Tangu siku hiyo akija hauulizi mkate tena, anauliza ule uliomwagikiwa.

Dada wa Lurambi, Kakamega
Oveni sina. Nachukua sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu, juu yake sufuria ndogo yenye mapeasi ambayo tayari yanatokota. Donge nalidondosha kwa kijiko, vilima vilima, naacha nafasi mvuke upite. Nafunika kwa sinia la bati, makaa machache chini, mengi juu ya sinia.

Hapo kwenye makaa ndipo kazi yote ilipo. Keki inataka moto wa chini pia, lakini kobla matunda yameshaiva, anayehitaji moto ni donge. Ukiweka makaa mengi chini, sukari inaungua na nyumba nzima inajua.

Na matunda yawe moto kweli donge linapoyagusa. Yakiwa yamepoa, juu litakuwa kahawia la kuvutia na tumbo lake ni unga mbichi unaonata kwenye meno. Toboa donge la katikati kwa kijiti, si la pembeni, la pembeni huwa linawahi.

Kijana wa Langas, Eldoret
Dada wa Lurambi, asante, mimi ni wa jiko la makaa pia. Swali: mapeasi ya kopo yanafaa?

Mama wa Section 58, Nakuru
Yanafaa mwanangu, ila yameshaiva na yana sukari. Chuja, hiyo sharubati pasha nusu yake tu na kornflawa na limau, usiongeze sukari nyingine, vipande viingie mwisho kabisa vipate moto tu. Mimi sijayapenda sana, yananyamaza mdomoni. Tangawizi inayasaidia.

Mwalimu, nimepunguza baking powder kwa nusu kijiko, Nakuru tuko katikati yenu. Donge limetulia. Shosho, wewe unaila na nini? Hapa kwangu ni kastadi ya moto, na mzee wangu hataki kusikia habari ya aiskrimu.

Shosho wa Molo
Malai ya maziwa ya asubuhi, yakiwa yamekaa usiku mmoja. Na kwa baridi hii, nailia jikoni.

Baba wa Migosi, Kisumu
Shosho, nitapita Molo wiki ijayo nikitoka Nairobi. Yale magumu ya zamani yasiyolainika yapo? Nataka kuona kama yatastahimili Kisumu.

Shosho wa Molo
Yapo. Njoo na katoni mbili. Moja nitakuuzia mazuri, nyingine nitakujazia yaliyochubuka, hayo ni ya bure. Kata palipopigwa, yapike usiku uleule ukifika, usiyalaze.