Nina PCOS (ovari zenye vifuko vingi vya mayai), naanza sindano za IVF (kutungisha mimba nje ya mwili) wiki ijayo. Nifanyeje tumbo lisijae maji?

Nyota_ya_Jaha: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina miaka 29, mwaka wa sita wa ndoa. Juzi kwenye ultrasaundi wamehesabu vifuko vya mayai 17 kulia, 19 kushoto, AMH (homoni inayoonyesha wingi wa mayai) iko juu. Nimeambiwa nianze sindano siku ya 21 ya mzunguko. Wifi yangu alilazwa baada ya kuvunwa mayai: tumbo kama la miezi saba, kulala ni kwa kukaa kitako. Naogopa.

BiMkubwa_Tanga: Marhaba mwanangu. Kunywa madafu mengi uwezavyo, usimwambie mtu.

Nesi_wa_Zamu: Bi Mkubwa, madafu kwa kiu tu, kujilazimisha hakuzuii kitu. Nyota, siku ya 21 inanishtua. Hiyo kwa kawaida ni njia ndefu, ya kuzima kwanza homoni za ubongo ndipo mayai yachochewe. Wenye vifuko vingi kama wewe huwa salama zaidi kwenye njia ya antagonisti (dawa ya kuzuia mayai yasitoke mapema), na dozi ndogo. Ukiwa huko, sindano ya mwisho ya kupevusha mayai inaweza kuwa ya agonisti (inayoufanya ubongo utoe homoni yake ya kupevusha) badala ya hCG, homoni ya mimba. hCG hukaa mwilini siku kadhaa ikizichokoza ovari, mishipa inavuja maji. Kwenye njia ndefu mbadala huo haufanyi kazi, kwa hiyo uliza KABLA ya sindano ya kwanza.

Mama_Pacha2: Mimi nilitoa mayai 24. Waligandisha viinitete vyote, wakapandikiza baada ya miezi miwili. Mimba nayo hutoa hCG, ndiyo maana wakanisubirisha. Nilipewa pia kabagolini, kidonge cha kupunguza kuvuja kwa maji, usiku, siku nane. Kila asubuhi mizani, na tepu ya fundi cherehani kiunoni.

Nyota_ya_Jaha: Dada, hela ya kugandisha hatukuipangia kabisa.

Mama_Pacha2: Hata sisi. Tuliuza pikipiki. Kulazwa nako kuna bili, mdogo wangu.

Nesi_wa_Zamu: Ukiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukapungua, pumzi ikabana au shavu la mguu likauma, nenda hospitali usiku huohuo. Maumivu, parasetamo, diklofenaki hapana.

Nyota_ya_Jaha: Nimepiga kliniki. Kweli, faili linasema njia ndefu. Kesho saa mbili naenda na mume wangu, sindano bado ziko kwenye friji hazijafunguliwa.