Kujifunza naguri: kumaliza uso wa mbao kwa alama za tezo

Swali, kutoka kwa Fundi wa Tanga

Ndugu mafundi, hamjambo? Mimi hutengeneza milango na meza za mninga, na nimevutiwa mno na naguri, ufundi wa Kijapani wa kuuacha uso wa mbao na safu za vibonde vya tezo (kishoka cha kuchongea ambacho makali yake yamekingama na mpini) badala ya kuulainisha kwa randa na msasa. Je, ni lazima nipate tezo yao iitwayo chona, au bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, yamtosha anayeanza? Na vibonde hivyo hupangwaje hata uso usionekane kama kazi iliyoachwa njiani?

Jibu, kutoka kwa Seremala Mkongwe

Ndugu yangu, chona ni tezo yenye mpini uliopinda, ambao kwa desturi hutokana na mti wa enju uliopindwa ungali unakua. Kabla ya randa kuenea Japani, mbao zilisawazishwa kwa chona, kisha zikapitishwa yariganna, kisu chenye umbo la ncha ya mkuki. Baadaye, wajenzi wa nyumba za chai waliziacha alama za tezo kwa makusudi, hasa kwenye mti wa kuri, ambao ni aina ya chesnati isiyooza upesi.

Kwa kazi ya samani, bobari pana yenye mpindo mdogo inatosha, na hata Japani wako mafundi wanaoitumia. Chora mistari sambamba kwa penseli, kisha kila pigo liingie na kutoka polepole, ili kibonde kikutane na jirani yake kwenye ukingo mwembamba ulio wazi. Uzuri wote umo katika ukingo huo, kwa hiyo msasa usiuguse kabisa. Uso unaong'aa hutokana na makali yaliyopita kwenye kinoo, wala hakuna dawa nyingine. Anza na paina yenye nyuzi zilizonyooka, kwa sababu nyuzi za mninga mara nyingine hupishana na kunyofoka.

Jibu, kutoka kwa Mwana wa Pwani

Naafiki, lakini ningemsihi asiidharau tezo. Ukiweza, kaa karibu na mafundi wa majahazi wa Lamu uone wanavyoiacha ianguke kwa uzito wake, mkono ukiiongoza tu. Wao hulenga kusawazisha ubao, nawe utalenga mapigo yenye nafasi na kina kinacholingana, ila udhibiti wa mkono ni ule ule. Miguu ikae mbali na njia ya makali.

Fundi wa Tanga

Nashukuruni sana. Je, naweza kuuchonga uso mzima wa meza ya kulia?

Seremala Mkongwe

Sikushauri, kwani sahani na glasi zitayumba, na makombo yatajaa vibondeni. Chonga kingo za meza na vibao vya mlango, mahali ambapo mwanga huingia kwa ubavu, kisha paka mafuta ya kitani kidogo tu na ufute yanayobaki.