Kikomo cha maombi: kwa IP, kwa namba ya simu, au ndoo ya tokeni?

Ngosha_Igoma: Wakuu, mwangaluka. Nina tovuti ya kukata tiketi za boti kwenda Nansio. Kitufe cha "Tuma namba ya uthibitisho" kinanitia hasara. Jumamosi mtu mmoja kakibonyeza mara 64 ndani ya dakika tano, na kila meseji nalipia mimi. Salio likakata, abiria wengine wakabaki wanasubiri namba isiyokuja. Niweke kikomo kwa IP (anwani ya mtandao anayotokea mtu) kwenye Nginx, programu ya seva inayopokea maombi, au nihesabu mwenyewe kwa Redis, hifadhi ya data ya haraka?

Dada_Capripoint: IP peke yake itakuumbua. Wateja wako wako kwenye data za simu, na mitandao ya simu huwapitisha watu wengi kwenye IP moja. Akikorofisha mmoja pale Mwaloni, wa Buzuruga naye anafungiwa. Hesabu kwa namba inayotumiwa meseji. IP iwekee kikomo kilegevu, cha roboti wanaobadilisha namba.

Fundi_Seva: Sawa, ila kaunta inayoanza upya kila dakika ina tundu. Kikomo ni 5: mtu anatuma 5 saa 4:00:59, anatuma 5 tena saa 4:01:00. Kumi kwa sekunde mbili, na kaunta kimya! Mimi natumia ndoo: ina tokeni 3, kila ombi linachota moja, na kila dakika inarudi moja. Mwenye haraka anapita, mwenye fujo anakuta ndoo kavu.

Ngosha_Igoma: Kwa kuanzia si amri za Redis, INCR (ongeza moja) na EXPIRE (weka muda wa kuisha), zinatosha?

Fundi_Seva: Zinatosha, lakini ziweke kwenye skripti moja ya Lua (lugha ya skripti za Redis), ziende pamoja. Mimi seva ilizimika katikati ya amri hizo mbili, kaunta ikabaki bila muda wa kuisha. Mteja alifungiwa siku mbili mpaka akanipigia, na hakunipigia kwa upole.

Mvuvi_wa_Kodi: Ukitumia limit_req, kikomo cha Nginx yenyewe, kumbuka usipoigusa inarudisha 503 (huduma haipatikani), mtu anadhani seva imekufa. Weka limit_req_status 429, yaani maombi yamezidi.

Dada_Capripoint: Na kichwa cha jibu cha Retry-After (jaribu tena baada ya muda fulani), ili kitufe kionyeshe sekunde zilizobaki. Ngosha, huyo wa 64 una hakika ni mhuni?

Ngosha_Igoma: Nimetoka kuangalia kumbukumbu za seva. Meseji zote 64 zimekwenda namba moja. Dakika chache baadaye, simu ileile imekata tiketi kwa namba nyingine, tofauti tarakimu moja tu ya mwisho. Naona kuna mtu huko Jumamosi yake iliharibika kabisa.